Hakimu aliuliza kama mdogo wangu ALIFUNGWA, mama akajibu kama ALIFUNGA: kesi iliyobadilisha matibabu yake

Wakuu, salaam kwenu nyote, na kwa mlionizidi umri, shikamooni.

Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa mwandishi. Leo nimeamua kuweka uzi kwa sababu juzi kuna mdau aliandika kwamba mahakama haina kazi yoyote katika matibabu ya wagonjwa wa akili, kwamba mahakama ni ya wezi na wanaoachana. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nina mengi.

Nitakayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, tena nikiwa nimekaa benchi la mbele mahakamani, nimejibana mdomo kwa ncha ya mtandio nisicheke. Sitaongeza chumvi. Majina nimeyabadilisha, na mhusika mkuu ameusoma uzi huu kabla yenu. Ana pingamizi moja tu, nitalieleza mwishoni.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mtu wa makamo, naishi Lindi mjini. Chuo kikuu nilisoma Kiswahili, na kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu kauli ya kutendwa: piga, pigwa, penda, pendwa, funga, fungwa. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja kiambishi hicho kingesimama kizimbani.

Nyumbani kwetu ni Somanga. Mnaosafiri kati ya Dar na Lindi mnapajua hata kama hamjawahi kulala hapo: pale basi linaposimama na madirisha yote yakajaa samaki wa kukaanga.

Mdogo wangu, nimwite Selemani, ni mmoja wa wanaowakaanga hao samaki. Ana karai lake, kabati lake la kioo, na ndimu anazozikata kwa madaha kana kwamba anapigwa picha. Samaki wake, changu, hapendi kumsifu mwenyewe, husema, "Lipe basi mwendo wa robo saa, abiria ndio watasifu."

Basi huyu Selemani ni mgonjwa wa akili.

Nimeandika "ni", sikuandika "alikuwa", na nimefanya hivyo kwa makusudi. Mtanielewa.

Ugonjwa ulimwanza alipokuwa kijana mbichi. Akawa anasikia sauti, anakesha, anazungumza na watu tusiowaona. Mara ya kwanza ndugu wa upande wa mama walimpeleka milimani, upande wa Kipatimu, kwa mganga. Huko alifungwa kamba kwenye nguzo, kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka: mgonjwa wa aina hiyo anafungwa kwanza, maswali baadaye. Aliporudi alikuwa mkimya. Watu wakasema amepona. Alikuwa amechoka tu.

Baadaye alifika hospitali, akapewa dawa, akatulia kwelikweli. Kisha akaziacha, kama wengi wanavyoziacha, akaugua tena. Akazirudia. Akaziacha. Wenye wagonjwa mnaijua ngoma hii, haihitaji maelezo.

Ikafika siku ya basi.

Siku hiyo Selemani alisimama katikati ya barabara kuu, amenyoosha mikono, akalisimamisha basi la abiria lililokuwa halina mpango wa kusimama. Dereva alifunga breki mpaka matairi yakalia. Selemani akaenda dirisha hadi dirisha akigawa samaki bure. Anawaambia abiria, "Kuleni, leo ni karamu, mwenye karamu kanituma." Kabati lote likaisha. Kuna mama mmoja, naambiwa, alimuuliza kama karamu hiyo ina pilipili.

Tunacheka sasa. Siku ile hakuna aliyecheka.

Kaka yetu mkubwa, nimwite Bakari, alikuwa ng'ambo ya barabara na aliliona basi lile lilivyokaribia kumpitia mdogo wake kifuani. Bakari ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki. Ni mtu wa maneno machache na sauti kubwa. Kwa msaada wa majirani alimkamata Selemani, wakamfunga kamba mikono na miguu, wakamlaza kwenye stoo ya magunia ya ufuta.

Mama alilia mpaka wakamfungua. Lakini Bakari alikuwa amekwisha kuamua. Akaenda Kilwa Masoko, mahakama ya wilaya, akaomba itolewe amri Selemani apelekwe hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, mbali, akae huko bila kujali kama anataka au hataki.

Mkuu, sheria inaruhusu ndugu kuomba jambo hilo. Na nikiri kwamba nilipopigiwa simu, nusu yangu ilikuwa upande wa Bakari. Ukishaona ndugu yako mbele ya basi, kuta ndefu zinaanza kupendeza.

Lakini Selemani aliposikia, aliniambia neno moja kwenye simu: "Dada, nikienda huko nani atanijua?" Hakusema nani atanitibu. Alisema nani atanijua.

Siku ya kwanza ya kesi hakimu hakutoa amri yoyote ya kumpeleka popote. Alisema daktari wa wilaya amwone kwanza na aandike taarifa, na wakati huo mgonjwa atibiwe kwenye zahanati ya karibu akiwa nyumbani. Kesi ikaahirishwa hadi baada ya Idi, maana Ramadhani ilikuwa mlangoni.

Na hapo ndipo mwezi ukaingia na mambo yake.

Selemani akatangaza kwamba mwaka huu anafunga.

Nyumba nzima ikamkatalia. Mama anasema wewe mgonjwa hulazimiki. Bakari anasema wewe dawa tu zinakushinda, njaa utaiweza? Mwisho akapelekwa kwa sheikh wa msikiti wetu, mzee mchangamfu, ili aelezwe na mwenye elimu. Nilikuwapo, nilikuja kwa likizo fupi.

Sheikh akamweleza kwa upole kwamba mtu mwenye maradhi ya akili kalamu imeinuliwa kwake. Malaika hawamwandikii dhambi.

Selemani akafikiri. Akauliza, "Hata kidogo, sheikh?"

"Hata kidogo."

"Yaani hata nikikutukana hapa hapa, haiandikwi?"

"Haiandikwi, mwanangu."

"Basi naomba usogee kidogo, nisije nikakurushia mate. Nina matusi yako ya miaka mingi."

Sheikh alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alipoivaa tena akasema, "Mtu anayeuliza hivyo, kalamu yake iko pale pale. Nenda ukafunge. Ila kamuulize nesi kwanza, mimi dawa zenu sizijui."

Tukaenda kwa nesi wa zahanati, nimwite dada Rukia. Naye hakujifanya anajua. Alimpigia daktari wa wilaya kule Kilwa Masoko, wakazungumza kwa muda mrefu, kisha akatupa masharti: dozi ya mchana ihamie baada ya futari, nyingine imezwe wakati wa daku, maji ya kutosha usiku, na siku yoyote atakayojisikia vibaya afungue bila ubishi. Wakuu, naomba hili msilichukue juu juu. Dawa hizi hazifanani, nyingine haziendani kabisa na njaa na kiu. Usimhamishie mgonjwa wako saa za dawa kwa kusoma uzi wangu. Muulize daktari wako.

Kilichotokea hakuna aliyekitarajia.

Dawa ambazo Selemani alikuwa anabembelezwa kumeza kama mtoto, sasa alizimeza mwenyewe, kwa sababu zilikuwa zimepata mahali pake. Tende, maji, swala, uji, dawa. Alikuwa na ratiba, na ratiba hiyo ilikuwa ya watu wote. Kabla ya hapo dawa zilikuwa kitu cha kumtenga: wote wanakula chakula, yeye anakula chakula na vidonge. Ramadhani ile alikuwa mmoja wa wafungaji, basi.

Tena akawa ndiye anayetuamsha daku. Anapita dirishani kwa Bakari na kifuniko cha karai. Bakari alilalamika kila alfajiri bila kukosa. Nina hakika alifurahi kila alfajiri pia, ila hilo hawezi kulisema mbele ya watu.

Idi ikapita, kesi ikafika.

Tulikwenda Masoko wote: mama, Bakari, Selemani na mimi. Ndani ya gari Bakari na Selemani walikaa viti vya jirani wakigawana karanga za kopo moja. Ndiyo maana sisi watu wa pwani tunashindwa kueleweka. Mleta maombi na mjibu maombi wanamenyeana karanga.

Hakimu alikuwa mwanamama wa rika langu, mpole wa uso lakini kalamu yake haikupumzika. Bakari akatangulia kutoa maelezo. Akaeleza kuhusu basi. Alipoulizwa walimfanyaje mgonjwa baada ya hapo, akajibu, "Alipumzishwa chumbani, mheshimiwa."

Hakimu akatazama taarifa ya daktari, akaandika kitu.

Kisha mama akaitwa. Hapa naomba utulivu.

Mjue kwamba mama hasikii vizuri sikio moja. Mjue pia kwamba siku hizo, wiki ya Idi ilikuwa bado mbichi, kila aliyekutana naye alimuuliza swali lile lile: vipi, mmefunga yote?

Hakimu, kwa malezi tu, alisahau kidogo cheo chake. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Karani akainamisha kichwa kwenye meza yake.

"Hawajambo, mama. Nataka nikuulize. Katika taarifa ya daktari imeelezwa kwamba kijana wako alifungwa. Ni kweli?"

"Kweli kabisa, mheshimiwa. Na daktari mwenyewe anajua."

Bakari akafumba macho.

"Kwa muda gani?"

"Mwezi mzima."

Nyuma yangu nikasikia watu wakivuta pumzi. Hakimu aliacha kuandika.

"Mwezi mzima, mama?"

"Mwezi mzima, mwanangu. Hata siku moja haikumponyoka. Mimi nilishindwa siku kadhaa kwa presha hii, lakini yeye, wallahi, hakushindwa."

"Na wewe pia?"

"Na mimi pia. Nyumba nzima. Hata huyu Bakari unayemwona hapo. Ila yeye akiwa hivyo mchana hasemeshwi, anakuwa mkali kama pilipili."

Mimi hapo nilikuwa nimeshaelewa. Mtandio ulikuwa mdomoni. Ningesema nini? Mahakamani huwezi kunyoosha mkono kama darasani ukasema mheshimiwa, shahidi hakuisikia "w".

Hakimu akauliza, sasa kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, nani aliwafanyia hivyo?"

Mama akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyegundua kwamba dada huyu mzuri hakufundishwa dini. "Nani tena, mwanangu? Si amri ya Mwenyezi Mungu? Na huyu mnayemwita mgonjwa ndiye aliyekuwa anatuamsha daku."

Neno "daku" lilipotua, chumba kizima kililipuka. Karani alicheka kwa mabega. Askari wa mlangoni akageukia ukuta. Hakimu alivua miwani, akajifuta macho, akajaribu kugonga meza ili kurudisha utulivu, na mkono wenyewe ukawa hauna nguvu. Bakari alicheka! Bakari wetu!

Selemani peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa wima, anamtazama hakimu.

Kicheko kilipotulia, hakimu akasema kwa upole, na safari hii alisogea mbele ili asikike. "Mama, samahani. Nilikuuliza kama alifungwa. Kwa kamba."

Uso wa mama ulibadilika. "Hilo nalo lipo, mwanangu," akasema. "Lilikuwa kabla ya mwezi."

Ndipo Bakari akasimama bila kuitwa. "Ni mimi, mheshimiwa. Nilisema alipumzishwa, siyo kweli. Nilimfunga mimi. Niliona basi linakuja, na nikaogopa kwamba siku nyingine sitakuwepo."

Sauti yake ile kubwa haikuwepo. Hakimu alimwambia akae, na hakumkaripia.

Akamgeukia Selemani. Wakuu, tangu ugonjwa uanze, miaka yote ile, mganga, hospitali, stoo, sijui kama kuna mtu mwenye mamlaka alikuwa amewahi kumuuliza Selemani swali mbele ya watu akasubiri jibu. Sisi wote tulikuwa tunajibu kwa niaba yake.

"Selemani, wewe una la kusema?"

"Nina la kusema, mheshimiwa. Tangu asubuhi ninasikia nikizungumzwa kama gunia la ufuta. Lipelekwe, lisipelekwe."

"Sema wewe."

"Basi nililisimamisha, ni kweli. Nilikuwa naumwa. Lakini mheshimiwa, pale Somanga hata wazima wanasimamisha mabasi kila siku. Tofauti yangu na wao, wao wanauza, mimi niligawa."

Kicheko kingine, kidogo. Hakimu akauliza kama bado anasikia sauti.

"Zamani zilikuwa nyingi kama abiria wanaogombea kiti. Sasa imebaki moja. Nayo haiamrishi tena, inalalamika tu. Nimeizoea, ni kama kaka Bakari."

"Na dawa?"

"Nameza. Nilipokuwa nimefunga nilimeza mwenyewe. Na sasa nameza saa zile zile, jioni na alfajiri, ingawa mwezi umekwisha. Dada Rukia amekubali. Mheshimiwa, mimi sikatai dawa. Nakataa kufungwa."

Wakuu, nimefundisha sarufi miaka yote hiyo, sijawahi kusikia mfano bora wa sentensi.

Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata. Haukuwa mrefu. Mahakama zetu sasa zinaendeshwa kwa Kiswahili, na siku hiyo nilielewa maana yake kuliko wakati wowote. Kwa Kiingereza kosa la mama lisingetokea, na kama lisingetokea, pengine tusingejua kwamba Selemani alikuwa anaamka mwenyewe, anameza mwenyewe, anaamsha wengine. Hakuna shahidi aliyekuja kuyasema hayo. Sisi tulikuja kuzungumza juu ya basi.

Hakimu alieleza, kwa kadiri ninavyokumbuka, kwamba mbele yake kulikuwa na ushahidi wa vitenzi viwili vinavyotenganishwa na sauti moja. Mtu aliyefungwa ametendewa na wengine. Mtu aliyefunga ametenda mwenyewe. Familia hii ilijaribu yote mawili kwa mgonjwa mmoja, na mahakama imeona ni lipi lililomletea nafuu. Kwa hiyo ombi la kumpeleka mbali bila hiari yake halikukubaliwa.

Kisha akaweka masharti. Asifungwe tena na mtu yeyote, nyumbani wala kwa mganga. Aendelee na matibabu zahanati. Akiugua tena kiasi cha kuhatarisha maisha yake au ya wengine, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, siyo stoo. Hospitali siyo adhabu, alisema, na wala isigeuzwe tishio. Na awepo msimamizi wa kuhakikisha dawa zinamezwa kila siku.

Mama akajiinua, tayari kupokea kazi.

"Msimamizi atakuwa Bakari," hakimu akasema.

"Mimi, mheshimiwa?"

"Wewe. Kati ya wote, wewe ndiye uliyehangaika hadi ukafika hapa."

Selemani akamwinamia kaka yake, akamnong'oneza kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Umejifunga mwenyewe, kaka."

Tulirudi Somanga bila mshindi. Au wote washindi, sijui, mniambie ninyi.

Kuanzia siku hiyo, kila jioni Bakari anavuka barabara na kikombe cha chai, anakaa kwenye benchi la wateja, anasubiri kidonge kipite. Mwanzoni alikuwa anamkagua mdomo kama ng'ombe wa mnadani. Selemani naye akawa anamkagua Bakari kama amemeza cha presha, maana ilibainika kwamba kaka mkubwa naye ana dawa zake na naye alikuwa anaziruka. Hilo hakimu hakulijua.

Nisiwadanganye kwamba yote yalinyooka. Kuna majira fulani, mvua zilikuwa nyingi na wateja wachache, Selemani akaanza kukosa usingizi. Mama akaanza kuogopa. Nami huku Lindi nikawa naitazama simu kwa hofu kila inapolia.

Asubuhi moja alimwambia Bakari, "Kaka, zimerudi mbili. Nipeleke."

Bakari akampakia kwenye bodaboda. Alilazwa, dozi ikarekebishwa, akarudi kwenye karai lake kabla mafuta hayajaganda, kama anavyopenda kusema. Hakuna kamba. Hakuna stoo. Hakuna aliyekimbizwa barabarani. Alikwenda kwa sababu alijua kwamba akienda atarudi, na alijua hivyo kwa sababu kuna mtu mwenye mamlaka aliwahi kulisema jambo hilo kwa sauti, mbele yake, na mbele ya kaka yake.

Mdau uliyesema mahakama haitibu, hili ndilo jibu langu. Kweli, haitoi vidonge. Lakini mgonjwa anayeogopa kufungwa huficha dalili, na anayeficha dalili hatibiki. Uamuzi ule ulimwondolea hofu, na hofu ilipoondoka dawa zikapata nafasi. Huko duniani zipo mahakama kubwa zilizoandika kurasa nyingi kusema kwamba mgonjwa wa akili naye asikilizwe kabla ya kuamuliwa. Kwetu wazo hilo liliingia kupitia sikio bovu la mama yangu.

Na limeenea. Dada Rukia ananiambia kwamba siku yake ya kliniki sasa wanakuja watu ambao hakujua kama wapo: vijana waliokuwa wamefichwa vyumba vya nyuma, binti mmoja ametoka bara, ndani kabisa, kaletwa na baba yake. Wengine wamepata nafuu, wengine bado. Pale kijijini mtu akisikia kwamba fulani ana mgonjwa nyumbani, swali la kwanza siku hizi ni hili: "Huyo wenu amefungwa au anafunga?" Linasemwa kwa utani, lakini ukilijibu vibaya unaona aibu.

Kamba yenyewe? Bakari aliileta mwenyewe kwenye kibanda, siku ya upepo mkali, turubai lilipokuwa linataka kwenda baharini. Waliifunga pamoja, ncha moja kaka, ncha moja mdogo. Ipo pale mpaka leo. Mkisimama kununua samaki inueni macho mtaiona, nyeusi kwa moshi wa mafuta.

Nilichojifunza ni kidogo na ni rahisi. Kabla hujaamua lolote juu ya mgonjwa wako, muulize. Kaa kimya mpaka amalize. Na ukipata nafasi ya kuihamisha dawa kutoka kwenye amri kwenda kwenye desturi yake, kwa ushauri wa wataalamu, ihamishe.

Sasa lile pingamizi. Selemani alipousoma uzi huu aliniambia, "Dada, vizuri. Ila futa pale uliposema nilifungwa. Acha nilifunga peke yake, inatosha."

Nikamjibu kwamba niliwaahidi wakuu ukweli, na ukweli una ile "w" ndani yake.

Akafikiri, huku akigeuza changu kwenye karai. "Basi iache," akasema. "Lakini waambie ilikuwa ya kaka, siyo yangu."

Nimewaambia.

Ninyi je, huko kwenu wagonjwa wanafungwa au wanafunga? Kuna aliyewahi kufika mahakamani kwa jambo kama hili, ikawaje? Wenye taaluma ya sheria na tiba, nirekebisheni nilipoteleza. Uwanja ni wenu, ila msije PM kuniuliza bei ya samaki.